Fundi, pima kwanza ndipo ubadilishe pesti

Januari ya Dar haina huruma. Kiduka changu cha kuchapa na kutoa kopi kipo Mwenge: bati juu, feni moja ya ukutani, na barabara mbele inayotuletea vumbi kutwa nzima. Humo ndani kuna kompyuta mbili za mezani, za mtumba, zinazowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa tatu usiku. Mwaka jana moja ilianza kuunguruma kama bodaboda inayopanda mlima, kisha ikawa inazima katikati ya kazi. Siku moja ilizima kwenye ripoti ya field ya kurasa 60, mwenyewe kasimama dirishani ananiambia, "Dada, nimebakiza dakika ishirini tu."

Nikamwita fundi. Akafungua kifuniko, akachungulia, feni hata hakuigusa. "Pesti imekauka hii," akimaanisha ile krimu inayopakwa kati ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na chuma kinachoipoza. Akapaka mpya. Dakika kumi, shilingi 20,000, huyo akaondoka. Jioni mashine ikazima tena.

Fundi mwenyewe sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na hiyo kauli. Siku hizi "pesti imekauka" imekuwa kama malaria ya zamani: kila mwenye homa ana malaria, meza dawa, kipimo hakuna. Kompyuta nzito? Pesti. Feni inapiga kelele? Pesti. Nimewahi kusikia mtu akiambiwa abadilishe pesti kwa sababu intaneti yake inakatika.

Kazi ya pesti ni ndogo kuliko tunavyoambiwa, ingawa ni ya lazima. Uso wa prosesa na kitako cha hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachoipoza, ukivitazama, vinang'aa kama sinia jipya. Kumbe vina mikwaruzo na vibonde visivyoonekana kwa macho, na vikikutanishwa, hewa inabaki imenaswa humo. Hewa ni mvivu kupindukia wa kupitisha joto. Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kila digrii, hewa ina kama 0.026 na shaba karibu 400. Pesti nyingi nzuri zinacheza kati ya 4 na 12. Kwa hiyo pesti inaizidi hewa zaidi ya mara mia, lakini mbele ya shaba ni mtoto. Ipo pale kumfukuza hewa, basi. Ukiimwaga kama siagi kwenye mkate unakuwa umeweka godoro kati ya chuma na chuma.

Na godoro ndilo nililolikuta. Jumapili hiyo, duka limefungwa, mimi na mpwa wangu tulifungua wenyewe. Kabla ya kugusa chochote tuliweka programu ya bure ya Core Temp, tukaipa mashine kazi nzito, tukasoma: nyuzi 99. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na joto likizidi kupanda mashine inajizima. Hapo nikaelewa kwa nini hata kufungua PDF ilikuwa shughuli.

Tukaanza na vumbi. Katikati ya mapezi ya hitisinki lilikuwa limeshikana kama kitambaa, unaweza kulivuta kwa kidole likatoka kipande kizima. Brashi ya kupakia rangi, ile laini, ikafanya kazi, kisha blowa. (Feni ishikilie kwa kidole unapopuliza. Ukiiacha izunguke kwa kasi ile unaua beringi zake.) Tukawasha, tukapima kwa kazi ileile: 84. Digrii kumi na tano zimeondoka na pesti hatujaigusa.

Ndipo mpwa wangu akaona mguu mmoja wa hitisinki umeelea. Zile za duara zina miguu minne ya plastiki, kila mmoja unabonyezwa mpaka ulie "ta". Mmoja haukulia. Tukaitoa. Pesti mpya ya fundi ilikuwa imepakwa juu ya ile ya zamani iliyokauka, na ilikuwa imefurika mpaka pembeni.

Ukishanyanyua hitisinki hakuna ujanja, lazima usafishe na upake upya, maana ile iliyoachanishwa ikirudishwa inanasa hewa tena. Tulifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti, tukaacha ikauke kabisa, tukaweka tone moja katikati, ukubwa wa punje ya choroko, tukabonyeza miguu kwa mshazari. Hatukupaka kwa kidole. Mgandamizo wenyewe unaisambaza. Kipimo cha mwisho: 71.

Laptopu ni habari nyingine kidogo. Nyingi prosesa yake haina kifuniko cha chuma, ni kipande cha silikoni kitupu, kwa hiyo hapo hakikisha uso wote umefunikwa, kona zote. Na vile vipande laini kama raba vinavyokaa juu ya chipu za pembeni, usivitupe ukajaza pesti mahali pake, kwa sababu vimewekwa kuziba nafasi ambayo pesti haiwezi kuifikia. Wapo wanaopaka dawa ya meno badala ya pesti, ndiyo, nimesikia. Siku mbili tatu inapoza kweli, halafu maji yake yanakauka inabaki chokaa. Metali ya maji, ambayo wengine huipaka badala ya pesti, ndiyo ya kuogopa zaidi: ina gali (metali inayoyeyuka kirahisi), inakula alumini, na tone likidondoka kwenye bodi linapitisha umeme.

Sasa wale wanaokuambia ubadilishe pesti kila miezi sita, hiyo mimi naiita biashara. Pesti nzuri kwenye kompyuta ya mezani inaweza kukaa miaka mitano na zaidi. Laptopu huhitaji mpya mapema zaidi, kwa sababu inapata moto na kupoa mara nyingi na pesti inasukumwa nje kidogokidogo. Kinachokuambia ni namba: ukishatoa vumbi, kazi ni ileile, na joto bado limepanda kuliko ulivyozoea, hapo fungua.

Halafu tusijilinganishe na video za Ulaya za kupima joto la kompyuta. Wao wanapima kwenye chumba cha nyuzi 20, mimi niko kwenye 32 chini ya bati. Hizo 12 zinaingia karibu zote kwenye prosesa, na hakuna pesti duniani itakayoipoza chini ya joto la chumba chako. Kutoboa tundu la hewa nyuma ya duka kulinisaidia kuliko bomba la pesti la bei mbaya ambalo rafiki alitaka ninunue Kariakoo.

Ubavuni mwa kila mashine nimebandika karatasi: tarehe, nyuzi ikiwa imepumzika, nyuzi ikiwa kazini. Yule fundi bado namwita, mkono wake kwenye printa ni mzuri. Mwezi uliopita aliisoma ile karatasi taratibu, akacheka. "Dada, siku hizi umekuwa daktari." Kisha akaomba nimwazime brashi yangu.