Marsabit: Kiongozi wa jamii afunzwe ukumbini au alelewe bomani?

Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya kijeshi ilianguka Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ikiwa imebeba ujumbe wa amani. Watu 14 walikufa. Wabunge wote wanne wa eneo hilo walikuwa ndani: Bonaya Godana wa North Horr, Abdi Sasura wa Saku, Titus Ngoyoni wa Laisamis na Guracha Galgallo wa Moyale. Askofu William Waqo wa Kanisa Anglikana naye alikufa. Walikuwa wakienda kuzungumza na jamii ambazo bado zilikuwa na kidonda cha Turbi, kijiji kilichovamiwa alfajiri mwezi Julai 2005, makumi ya watu wakauawa, wakiwamo watoto wa shule. Asubuhi moja tu, eneo kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa likabaki bila mbunge hata mmoja.

Mtu akiniuliza kwa nini mashirika yanamwaga pesa kufunza viongozi wa jamii huko, humtajia siku hiyo kwanza. Uongozi uliokuwa unasikika Nairobi ulienea kwenye ndege moja. Lakini swali la pili ndilo gumu: viongozi wengine wapatikane vipi?

Wanaotetea mafunzo wana hoja nzito, na haifai kuwabeza. Marsabit husemwa kuwa na jamii 14: Waborana, Wagabra, Warendile, Wasamburu, Waturkana, Waburji, Wadasanech, Waelmolo na wengine. Kila jamii ina mamlaka yake ya jadi, na mengine yamepangika kuliko serikali ya kaunti. Wagabra wana yaa tano, makao ya ibada na sheria yanayohama pamoja na ngamia. Waborana wana Gada, mfumo wao wa jadi wa uongozi kwa zamu za marika, na kiongozi wake mkuu, Abba Gada, hukaa kitini miaka minane kisha akampisha mwingine. Tatizo ni kwamba hukumu ya mzee wa yaa haimfungi Mrendile, na Abba Gada hana la kumwambia Mturkana wa Loiyangalani. Kwenye mpaka kati ya jamii mbili, pale mifugo inapoibwa, ndipo mamlaka ya jadi yanapoishia. Kijana aliyekaa wiki nzima chumba kimoja na mwenzake wa upande wa pili, wakapeana namba za simu, anaweza kupiga simu usiku kuuliza kama ng'ombe fulani wamepita huko. Wazee wengi hawana namba hiyo.

Tena kuna mambo ambayo busara ya bomani peke yake haiyafikii. Mradi wa umeme wa upepo wa Lake Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulipewa ekari 150,000 za ardhi ya malisho. Baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2014, na ilipofika Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikaamua kwamba hatimiliki zilitolewa bila kufuata utaratibu. Wakati huo mitambo ilikuwa imeshasimama na inazunguka. Laiti wangekuwapo watu wengi zaidi wa kusoma hati zile mapema, ubishi huo ungefanyika kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa.

Sasa upande wa pili. Yeyote aliyezunguka kaskazini anaijua semina: ukumbi wa hoteli mjini, karatasi kubwa zimebandikwa ukutani, chai ya saa nne, daftari lenye nembo ya mfadhili, na mwishoni nauli na posho kwa kutia sahihi. Kijana anarudi na cheti cha "balozi wa amani". Bomani anakuta watu wanajadili kama wahamishe mifugo kabla ya mwezi kuandama, na hakuna anayemuuliza neno. Hana mifugo, hajawahi kusuluhisha kesi ya mbuzi mmoja, na lugha aliyofundishwa, ya "wadau" na "uwezeshaji", haitumiki pale. Anayemsikiliza ni mratibu wa semina ijayo.

Linganisha na kisimani. Kwa Waborana, kisima kirefu kina abba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha. Ndiye anayesema mifugo ya nani inywe leo na ya nani isubiri, na msururu wa wanaume wanaopandisha maji huku wakiimba huenda kwa ratiba yake. Akimpendelea shemeji yake, itajulikana kabla ya jua kutua. Kijana anayesimama karibu naye kiangazi baada ya kiangazi hujifunza kukataa ombi la mtu mzito bila kumvunjia heshima. Sijaona semina inayofundisha hilo.

Wanaoamini njia hii humtaja pia Dekha Ibrahim Abdi, mpatanishi wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, na wana haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za Kisomali zikiuana, yeye na wanawake wenzake walianzia sokoni, wakahakikisha mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kubughudhiwa, kisha wakawaingiza wazee na vijana. Mwaka 1993 wazee wa koo walitia sahihi azimio la amani la Al-Fatah. Hakuna aliyekuwa amemteua. Ila wanaomtaja husahau kwamba alikuwa mwalimu, na kwamba watu wa Wajir wana lugha moja na dini moja. Sokoni Marsabit mambo yana mafundo zaidi.

Na wazee tusiwapambe mno. Siasa za ugatuzi, yaani za serikali za kaunti, zilipoanza 2013, baraza la wazee liligeuka mahali pa kugawa tiketi za kugombea. Marsabit ilipata muungano wa Warendile, Wagabra na Waburji, maarufu kama REGABU. Kule kaunti ya Mandera wazee wa ukoo wa Wagare waliwaamuru viongozi wote wa muhula wa kwanza wasigombee tena 2017. Gavana Ali Roba akakaidi, akagombea, akashinda. Mzee anayefuatwa na wagombea kwa magari usiku hawezi kesho yake kukaa kama msuluhishi na akaaminika. Makubaliano ya Maikona na Walda ya 2009, kati ya Wagabra na Waborana, yalikuwa kazi nzuri ya jamii zenyewe kuhusu malisho, maji na faini. Hata hivyo Mei 2022 serikali ililazimika kutangaza kafyu Marsabit kwa sababu ya mauaji.

Kuhusu tamasha la utamaduni la Loiyangalani, lililoanza 2008, nitasema kidogo tu. Ni zuri, watu hukutana na hucheza ngoma pamoja. Lakini linamwinua mwenye shanga na sauti, si lazima mwenye uamuzi.

Mimi naegemea kisimani, kwa sharti. Mafunzo yafuate kazi ambayo tayari ina meno. Kazi hiyo ipo: Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka kila jamii ijisajili na kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15 ya kusimamia ardhi, na mkataba wowote wa mwekezaji upitishwe na thuluthi mbili ya watu wazima mkutanoni. Mwenye kusoma ramani na mwenye kujua njia za mifugo wakati wa kiangazi wakae kamati moja, na mwanasheria awafuate huko huko kwa siku anazohitajika, badala ya kuwaita hotelini.

Pingamizi kubwa linahusu wanawake, nami silipuuzi. Jioni Warendile wanapokusanyika kwenye naabo, ua ulio katikati ya kijiji wenye moto usiozimwa, ni wanaume wanaokaa. Ukisema uongozi ulelewe bomani, umewaacha nje nusu ya watu. Hapo ukumbi wa hoteli, pamoja na karatasi zake, umewasaidia wanawake wengi kusema mbele ya wanaume kwa mara ya kwanza. Lakini sheria ile ya 2016 inahesabu kura ya mwanamke sawa na ya mumewe, na mwekezaji akishajua kwamba bila wao thuluthi mbili haifiki, wazee nao watalazimika kuwatafuta. Kwa hiyo daftari la wanajamii liandikwe kwanza, majina ya wanawake yakiwamo, hata kabla ya kamati kuchaguliwa.