Beki tatu wa miaka 15 analala saa ngapi?

Kila kinapoibuka kisa cha dada wa kazi kuchomwa pasi, tunagawanyika palepale. Kundi moja linasema asiyefika miaka 18 asikanyage nyumba ya mtu kufanya kazi. Akikutwa, arudishwe kwao. Jingine linasema alindwe hapohapo alipo, na hili ndilo linalozomewa kwamba linatetea utumwa wa watoto.

Linazomewa kabla ya kusikilizwa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 yenyewe haikufunga mlango: kuanzia miaka 14 inaruhusu kazi nyepesi, ya malipo, isiyodhuru afya wala masomo. Binti aliyeishia la saba ukimpandisha basi arudi Kilolo au Iramba, anaikuta njaa ileile iliyomtoa. Haupiti muda, dalali yuleyule kamtafutia nyumba nyingine, na safari hii kafundishwa kusema ana miaka 18.

Sheria hiyohiyo inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Hebu tuhesabu. Gari la shule linapiga honi saa 11 na nusu alfajiri, kwa hiyo saa 10 binti yuko jikoni, maji yako motoni, mkono mmoja kwenye chapati, mwingine unamvalisha soksi mtoto anayesinzia. Usiku baba anarudi saa 5 na hasira za foleni. Geti lifunguliwe, chakula kipashwe. Godoro la binti hutandikwa sebuleni, nalo linasubiri tamthilia iishe. Mama mwenye nyumba atakwambia, tena kwa moyo mweupe, "huyu ni kama mwanangu." Mwanawe wa umri huohuo kalala tangu saa 3. Kwa kipimo hicho kimoja tu, nyumba za watu wema, wasiowahi kumnyanyulia binti mkono, zinavunja sheria alfajiri na usiku. Nashuku ndiyo maana marufuku inatupendeza: inamsaka mkatili wa kwenye habari, sisi inatuacha.

Wanaoitaka wana hoja moja nzito. Umri unaonekana, saa hazionekani. Afisa kazi huingia kiwandani, haingii sebuleni kwa mtu, na baba mwenye nyumba anayemnyatia binti usiku wa manane hajali ratiba. Hilo silipingi. Ila marufuku nayo inangoja mtu wa kufungua mlango uleule, na kazi ikiwa haramu, wa kwanza kujificha jirani akipiga hodi ni binti mwenyewe.

Yanabaki mambo madogo yanayokera waajiri. Mshahara, ambao amri ya 2022 iliuwekea kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa dada anayelala kwa mwajiri, umfikie mkononi, usiwe wa "kuwekewa". Mjumbe amjue kwa jina. Na simu: 116, namba ya msaada kwa watoto, hupigwa bure, lakini kwanza arudishiwe kile kisimu kilichofungiwa kabatini siku aliyofika, "asije akaharibiwa na wavulana".