Jumapili Vipawa, Jumatatu Alama

Ingia ibada ya Jumapili katika kanisa lolote huku Vihiga au Kakamega, magharibi mwa Kenya, uone vijana wanavyoongoza. Mmoja yuko kwenye kinanda. Mwingine anaishika kwaya ya watu wazima na hakuna anayeudhika akirekebishwa. Yupo anayezihangaikia spika hadi zinanguruma tena, na msichana wa gredi ya nane anayetuliza darasa zima la Shule ya Jumapili kwa wimbo. Hakuna mzee wa kanisa anayewauliza walipata ngapi katika hisabati. Kesho yake wanaingia kwenye shule iliyo chini ya udhamini wa kanisa lilo hilo, na huko kinachoulizwa ni alama tu.

Jambo hili linaniuma. Shule ya Kikristo inayomwona mtoto kupitia fomu ya matokeo pekee imeiacha imani yake langoni.

Katika Kutoka sura ya 31, Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza roho yake. Kwa kazi gani? Kuchonga mbao, kufua dhahabu na fedha, kukata vito. Sura ya 35 inaongeza kwamba yeye na mwenzake Oholiabu walitiwa moyoni uwezo wa kufundisha wengine. Kwa hiyo fundi yule alikuwa kiongozi pia, na uongozi wake ulitokana na ufundi wenyewe.

Wamishonari wa Friends, yaani Waquaker, walipofika Kaimosi mwaka 1902, misheni yao ilibeba neno viwanda katika jina lake. Useremala na upasuaji mbao vilikwenda pamoja na kusoma Biblia. Siupambi ukoloni. Kazi za mikono zilitumika pia kumzuia Mwafrika asifikie elimu ya juu, na ndiyo maana babu zetu waliipigania elimu ya vitabu na vyeti kwa nguvu zote. Walikuwa na haki. Hata leo mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo ana sababu ya kutaka alama nzuri, wala simlaumu. Nisilokubali ni shule kumrudishia mtoto wake akiwa amesadiki kwamba hana akili.

Mwaka 1983 Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa hoja kwamba akili ziko za aina nyingi: ya lugha, ya mantiki, ya muziki, ya mwili, ya kuelewana na watu na nyinginezo. Wataalamu wengi bado wanampinga. Kwangu mimi, anayempinga atazame tu isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mwimbishaji hubeba maneno kichwani, husikiliza ngoma, huwasoma wachezaji na kujua ni lini awapandishe na lini awatulize. Mvulana anayeweza hayo tayari anaongoza watu, hata kama fizikia inamshinda.

Lakini akitaka kuwa kiranja, zipo shule zinazomwambia kwanza alete alama. Ni sharti baya. Linawafundisha wenye alama kwamba uongozi ni zawadi yao, na linawafundisha wengine kukaa kimya.

Mtaala wa umilisi umeleta mikondo mitatu katika sekondari ya juu, na mmoja wao ni wa sanaa na michezo. Nahofia utageuzwa jalala la wanaoonekana dhaifu. Shule za kanisa ndizo zingepaswa kuukataa mtazamo huo kabla ya nyingine zote, maana mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba jicho haliwezi kuuambia mkono, "Sina haja na wewe."

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mdhamini, kama vile kanisa, viti vitatu kwenye bodi ya shule. Wanaovikalia wasiishie kuuliza habari za kasisi na wastani wa mitihani. Kila muhula waombe orodha ya wanafunzi waliopewa jukumu lolote, kisha waulize majina ambayo hayamo. Na waanze kwa kuliondoa lile sharti la alama kwa viranja, kwani halihitaji bajeti.