Mizinga ya nyuki ya mzee nani anaitunza?
Nimesoma hii habari ya marehemu mzee wa Sikonge, Tabora, aliyelima tumbaku na kufuga nyuki. Poleni sana familia mliyemzika, habari imenigusa kwa kweli maana babu yetu kule Urambo alikua hivyohivyo, tumbaku alilima ndio ila moyo wake ulikua kwenye nyuki, anaingia porini na baiskeli kukagua mizinga ya magome kwenye miti ya miyombo, anarina asali usiku kwa moshi na lazima aache masega mengine nyuki wale. Shamba aligawa mapema akiwa bado na nguvu zake, mabinti nao wakapata sawa na wavulana, wazee wenzie walinuna sana. Mwandishi ungetuambia basi mizinga ya huyo mzee wa Sikonge nani anaitunza sasa, vijana wengi wako Dar na miti inaishia kuwa kuni kwenye mabani ya kukaushia tumbaku