Kumwachia besi hai hakutoshi

Besi niliyemvua Jumamosi kwenye mashindano hakuwa mkubwa. Hakufika kilo moja, sentimita 39 kwenye rula, na ubavu wa kijani wenye mstari mweusi kutoka shavuni hadi mkiani, kama walivyo besi wote wa mdomo mkubwa, samaki wa maji baridi tunaoshindana kuwavua. Kilichonishika macho ni mkia. Upande wa chini ulikuwa umelika, miiba ya pezi imetokeza, na ngozi imekuwa nyekundu kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye changarawe.

Anayemjua samaki huyu anajua maana ya mkia ule. Ni mkia wa dume mwenye kiota. Maji yakishapata joto la nyuzi 15 hadi 20 hivi, dume husogea penye kina kidogo, akachagua mahali, akaanza kufagia. Hafagii kwa kitu kingine ila mkia wake, mpaka tope liondoke na mchanga uonekane, duara safi upana wa sinia. Jike huja, hutaga, huondoka zake. Dume hubaki. Huyapepea mayai ili yapate hewa, humfukuza kila anayesogea, na mayai yakianguliwa huendelea kulinda kundi la vitoto vyake kwa siku nyingi, akila kidogo mno.

Mimi nililiona duara lile. Ndilo linalonikaa kifuani mpaka leo. Nilikuwa nimevaa miwani ya kukata mng'ao, maji hayakufika mita moja, na lile doa jeupe lilionekana waziwazi kati ya majani. Nikarusha chambo, mjusi wa plastiki, nikamlaza katikati. Mara ya kwanza yule dume alimsogelea akamtazama tu. Mara ya pili akamdaka mkia, akamtoa nje ya duara, akamtema. Hakuwa na njaa, alikuwa anamtoa mwizi nyumbani. Nililijua hilo wakati ule ule, na mara ya tatu nilipoona uzi unasogea, nilivuta.

"Huyo, mwanangu, huyo!" mzee, mwenza wangu na mwenye boti, akaniita kutoka mbele. "Mtie tangini, anatutimizia watano."

Nikalowesha mkono kwanza, nikamshika mdomo wa chini kwa kidole gumba. Meno ya besi ni madogo sana, ukigusa utadhani msasa, na hadi jioni gumba langu lilikuwa limechubuka. Nikamshusha kwenye tangi la boti, lenye maji ya kuwaweka samaki hai, pamoja na wenzake wanne. Ilikuwa karibu saa mbili na nusu asubuhi.

Kwa wasioyajua mashindano haya, mambo huenda hivi. Alfajiri boti hupanga foleni, waamuzi hukagua matangi kuhakikisha hakuna aliyekuja na samaki wa jana, kisha huachiwa kwa zamu kulingana na namba. Siku nzima kila boti inatafuta samaki watano wenye uzito mkubwa zaidi. Ukishapata watano hauachi kuvua. Ukimpata mkubwa kuliko mmoja wa ulio nao, unamtoa mdogo unamwachia, mkubwa anachukua nafasi yake. Mchana kuna saa ya kurudi, na ukichelewa unakatwa uzito kwa kila dakika. Halafu mizani.

Nayapenda mashindano haya. Napenda ukimya wa ile nusu saa kabla ya boti ya kwanza kuondoka, watu wanaviringisha nyuzi kwa tochi za kichwani na hakuna anayepaza sauti. Napenda kumtazama mzee akisoma maji. Ataona upepo umegeuka, atahama kutoka kwenye majani kwenda kwenye magogo yaliyozama, atabadilisha chambo kabla mimi sijaelewa kilichobadilika. Kumvua besi ni kufikiri. Kwa hiyo ninayoyasema hapa si ya mtu anayetaka mashindano yafungwe.

Saa tano hivi mzee alivua jike la kilo mbili na zaidi pembeni mwa gogo. Ikabidi mmoja atoke. Tulipima, mdogo kuliko wote akawa yule dume wangu. Nikamshika, nikamshusha majini taratibu, akakaa sekunde mbili akihema, kisha akapiga ule mkia wake mbovu akazama.

"Nenda salama," mzee akamwambia. Humwambia hivyo kila samaki.

Lakini tulikuwa tumeshahama. Kati ya pale tulipomwachia na kile kiota palikuwa na ghuba mbili na mwendo wa dakika kumi kwa mashine ikiwa wazi. Kwa kanuni za mashindano tulifanya kila kitu sawasawa: samaki alikaa kwenye maji yanayozunguka, akatoka mzima, akaogelea mwenyewe. Hakuna mwamuzi ambaye angetutoza hata gramu. Na wakati huohuo kiota kilikuwa kimekaa saa mbili na nusu bila mlinzi. Samaki wadogo wanaokula mayai hawangoji saa mbili. Wanazunguka ukingoni mwa duara muda wote, na dume akiondolewa, dakika chache zinawatosha kuanza. Hili si dhana yangu, watafiti wa samaki hawa wamelionyesha tena na tena: dume akiondolewa kwa muda mrefu, mayai huliwa, na hata akirudi mara nyingi hukuta kilichobaki ni kidogo kiasi kwamba anakiacha kiota.

Jumapili nilirudi peke yangu nikiwa na mtumbwi. Duara lilikuwapo. Samaki wadogo watano au sita walikuwa wanadonoa mchanga katikati yake, bila hofu, na vumbi la tope lilikuwa limeshaanza kutanda upande mmoja.

Mchezo huu umewahi kubadilika kwa sababu ya aibu kama hii. Ray Scott, muuza bima wa Alabama, Marekani, ndiye aliyeyapa mashindano ya besi sura tunayoijua. Mwaka 1967 aliwaita wavuvi 106 kwenye ziwa la Beaver kule Arkansas, kila mmoja akatoa dola 100. Enzi zile samaki walikuja kwenye mizani wakiwa wametungwa kwenye kamba, wamekufa. Mwaka 1972 ndipo yeye mwenyewe alipoanza kuwahimiza wavuvi wake wasiwaue samaki wanaowavua, na boti zikaanza kufungwa matangi yenye pampu. Wapo waliolalamika. Leo ukileta samaki aliyekufa unakatwa uzito, na hakuna anayeona ajabu. Mimi nasema ile kazi ya 1972 haijaisha. Neno "hai" limetutosheleza mapema mno.

Tazama na mizani yenyewe. Jumamosi tulirudi gatini saa tisa, jua bado linachoma. Mnajua utaratibu: samaki watano wanatolewa tangini, wanatiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji, unasubiri zamu yako. Maji yakiwa ya moto hubeba hewa kidogo. Yakiwa na nyuzi 30, hewa iliyomo ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya nyuzi 20, na ndani ya mfuko wanahema besi watano wanene waliokwisha kuchoka. Mbele yetu palikuwa na watu tisa. Mshika kipaza sauti alikuwa anamhoji kila mvuvi jukwaani, chambo gani, kina gani, na watu wanapiga makofi. Nilitazama ndani ya mfuko. Lile jike la mzee lilikuwa limeanza kulala ubavu. Lilijinyanyua, likalala tena. Mashavu yalikuwa yanafunguka kwa pupa, kisha kwa kuchelewa. Nikamwomba mzee aniruhusu nikauchovye mfuko ziwani, akasema ukitoka kwenye foleni unaanza mwisho.

Lilipimwa likiwa hai, kwa tafsiri ya mwamuzi. Lilitikisa pezi. Likatiwa kwenye beseni la kuachia, na nilipopita pale baada ya nusu saa lilikuwa linaelea tumbo juu kati ya boti mbili. Halikuandikwa popote, maana adhabu huishia kwenye mizani. Hata wale wanaopona, wengi huachiwa palepale gatini, na hukaa karibu na hapo kwa siku nyingi, mbali na makazi yao, wamerundikana mahali pamoja.

Ninachokitaka kinajulikana na kinafanyika. Wavuvi wa kayaki wamekuwa wakishindana bila tangi wala mizani: unamlaza samaki kwenye ubao wenye vipimo, unampiga picha ikiwa na alama ya utambulisho ya siku hiyo, unamrudisha palepale ulipomtoa. Anayeshinda ni mwenye jumla ya sentimita nyingi. Kwenye ngazi ya malipo makubwa, Major League Fishing, ligi ya besi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2011, ilichagua kumpima samaki botini mbele ya mwamuzi na kumwachia hapohapo. Dume wangu angekaa nje ya kiota dakika moja na nusu. Si jambo jema hata hilo, lakini angerudi akute nyumba yake bado ina kitu.

Mzee hakubaliani nami, na hoja zake ni za kuheshimiwa. Anasema mizani ndiyo sherehe. Mtoto anayesimama mbele ya jukwaa akaona samaki wa kilo tatu akiinuliwa, huyo ndiye mvuvi wa kesho, na picha ya simu haiwezi kumfanyia hivyo. Nakubali. Nami nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Lakini nadhani sherehe inaweza kubaki bila mfuko. Wekeni picha kwenye kioo kikubwa, mwacheni mvuvi asimulie alivyompata, na kama lazima watu waone samaki hai, basi kila boti ilete mmoja, msimu wa kutaga ukishapita.

Anasema pia kwamba picha zitaleta udanganyifu. Hapa simfuati kabisa. Septemba 2022, Cleveland, Ohio, kwenye mashindano ya samaki wa aina nyingine ya ziwa Erie, samaki walipasuliwa matumbo mbele ya umati baada ya kupimwa, wakakutwa na vipande vya madini ya risasi vya kuongeza uzito ndani. Walikuwa wamepita juu ya mizani, hadharani, mchana kweupe. Mdanganyifu hutafuta njia penye kipimo chochote. Ubao una wizi wake na mizani ina wizi wake, na dawa ni waamuzi makini.

Wapo watakaosema ziwa ni kubwa na besi hutaga mayai kwa maelfu, kiota kimoja si kitu. Boti zilikuwa 42 Jumamosi. Asubuhi ile nzima nilihesabu boti kumi na moja kwenye maji ya kina cha magoti, zimesimama, wavuvi wameinama kutazama chini, kama nilivyokuwa nimeinama mimi.

Nimeiandikia kamati. Nimeomba mashindano mawili yanayoangukia msimu wa kutaga yaendeshwe kwa ubao na picha, na yale ya miezi ya joto yapimwe kwa mafungu, boti tano tano, mifuko ikae kwenye mabeseni yenye pampu ya hewa hadi jina liitwe. Bado sijajibiwa. Duru ijayo ni wiki tatu kutoka sasa, na nimeshalipa ada, kwa sababu boti ni ya mzee na sitamwacha atafute mwenza mwingine. Jana nilimpigia nikamweleza kuhusu duara na wale samaki wadogo. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza mkia ulikuwa umelika upande gani. Nikamwambia. Akasema, "Basi mwanangu, safari hii tutavua kwenye magogo. Kwenye mchanga hatuendi."