Maputo ya Athi-Patra Ruga: ni madoido tu?

Anatembea mtaani kwa viatu vya visigino virefu, miguu imebanwa na soksi ndefu za rangi kali. Kiunoni kwenda juu huoni mtu, unaona maputo yaliyosongamana, mengine yamejazwa rangi ya majimaji. Akipiga hatua puto linapasuka, rangi inamchuruzika mapajani hadi chini. Huyu ni Athi-Patra Ruga, msanii wa Afrika Kusini aliyezaliwa Umtata mwaka 1984, na kazi yenyewe inaitwa The Future White Women of Azania, yaani Wanawake Weupe Wajao wa Azania.

Mtindo huu huitwa kempu (kwa Kiingereza, camp): kutia chumvi makusudi, mbwembwe juu ya mbwembwe. Ulikuzwa sana na wanaume wapendao wanaume katika miji ya Ulaya na Marekani, enzi ambazo kujulikana kulimaanisha jela. Mwaka 1964 mwandishi Mmarekani Susan Sontag aliandika kwamba kempu hujali mtindo kuliko maudhui, hivyo haina siasa.

Wakosoaji wa leo wanaweza kumuunga mkono Sontag, na sioni haki kuwapuuza. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Met, New York, liliifanyia kempu maonyesho, na mastaa wakapita kwenye zulia la waridi. Lugha ya waliojificha ikawa vazi la wenye nacho. Tena Afrika Kusini yenyewe, ambako katiba ya 1996 inakataza kuwabagua wapendao jinsia yao na ndoa za jinsia moja ni halali tangu 2006, wanawake wapendao wanawake bado wanabakwa na kuuawa. Zanele Muholi, mpiga picha wa nchi hiyo, alianza mwaka huohuo wa 2006 kuwapiga picha, nyeusi na nyeupe, wakikukazia macho. Hakuna pambo. Ukitoka kwenye picha hizo, maputo yanaonekana kama mchezo.

Lakini litazame jina. Azania ndivyo mabaharia wa Kigiriki walivyouita mwambao wetu huu wa Afrika Mashariki, karibu miaka 2,000 iliyopita. Baadaye wapigania uhuru wa chama cha PAC (Pan Africanist Congress) walilichukua kuiita Afrika Kusini waliyoiota. Ruga analitwaa jina hilo zito na kulivisha maputo ya rangi zote, katika nchi iliyojiita taifa la upinde wa mvua, kisha anayaacha yapasuke mbele ya watu. Hapo nadhani Sontag hatoshi. Siasa imo ndani ya mbwembwe zenyewe. Ukizivua, hoja nayo inaondoka. Nakubali kwamba asiyejua habari ya Azania ataona maputo tu, na hilo ni pungufu la kweli.

Ila kuna jambo ambalo picha za Muholi, kwa ukuu wake wote, haziwezi kulifanya. Zinadai uso. Anayeogopa kutambuliwa na majirani zake hawezi kusimama mbele ya kamera ile. Chini ya maputo anaweza kupita katikati ya barabara, mchana kweupe.