Mwenye biashara ndogo na muhuri wa halali

Katika visiwa vya Zanzibar, ambako takriban watu 99 kati ya kila 100 ni Waislamu, mfanyabiashara mdogo anayehangaikia cheti cha halali huonekana kichekesho, kama si mwenye hila. Husemwa kwamba Unguja na Pemba watu wamechinja kwa bismillahi tangu enzi na enzi bila ya karatasi, na kwamba anayebandika neno hilo kwenye chupa ya achari anaiuza dini ili apandishe bei. Tuhuma hiyo ina chembe ya ukweli: wapo wanaoibandika alama hiyo hata kwenye bidhaa ambazo hakuna aliyewahi kuzitilia shaka. Lakini haielezi kwa nini mtu mwenye mtaji wa kubangaiza akubali kuubeba mzigo wa ada, vipimo na ukaguzi.

Mchukulie mama wa Paje anayetengeneza sabuni ya mwani. Huuanika, huusaga ukawa unga, huuchanganya na mafuta ya nazi, kisha hutia mafuta ya karafuu ili sabuni inukie. Jirani yake haulizi kitu, kwani nazi zenyewe amemuona akizikuna. Anayeuliza ni mgeni wa kutoka Muscat anayeishika sabuni hiyo hiyo katika duka la Mji Mkongwe: humu mna mafuta ya mnyama, na ni mnyama gani? Swali lake ni la haki, maana sabuni nyingi duniani hutengenezwa kwa shahamu. Jirani anatosheka na uso wa mama. Mgeni hamjui, hivyo anahitaji karatasi ikae mahali pa uso. Wengi wanaoingia katika biashara hii, kwa nionavyo, wanatafuta kuaminiwa na mtu wasiyejuana naye, na bei huja baadaye, ikija.

Ile 99 tunayoitaja kila mara inatudanganya kidogo. Inatueleza ni nani wanaoishi hapa. Haituelezi kilichomo jikoni. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000, wengi wao kutoka Ulaya, na zipo hoteli za pwani zinazopika nguruwe na kuweka mvinyo kwa ajili yao. Mgeni Mwislamu anayeketi humo ana sababu ya kuuliza kisu kilikata nini kabla ya kuku wake. Ofisa ununuzi wa hoteli naye anataka nyaraka. Brazili, nchi ambayo Waislamu wake ni wachache mno, inaongoza duniani kwa kuuza nje kuku wa halali, na katoni zake zina muhuri. Mchinjaji wa Chake Chake, aliyejifunza kuelekea kibla kwa babu yake, hana cha kuonesha. Akiutaka muhuri, tumwite mchuuzi wa dini?

Wanaomlaumu hudhani nia ya ibada na nia ya faida haziwezi kukaa katika moyo mmoja. Aya ya 198 ya Suratul Baqara inawaondolea dhambi mahujaji wanaotafuta fadhila za Mola wao, na wafasiri wameieleza kuwa ni ruhusa ya kufanya biashara katika msimu wa Hija. Kiswahili chetu nacho, tunapotaja chumo la halali, hutazama jasho na mizani kabla ya kutazama nyama.

Uchungu zaidi uko kwenye mwani, uliolimwa kibiashara hapa tangu mwaka 1989. Hutoa karajinani, inayogandisha vyakula na kushika nafasi ya jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Zao linalowasaidia wengine kuhalalisha bidhaa zao huondoka kwetu kwa sehemu kubwa likiwa kavu, ndani ya magunia.

Hoja ya gharama ndiyo pekee ya wapinzani inayonikalia vigumu, kwa sababu ada ambayo kiwanda huilipa bila ya kuihisi yaweza kumfungia mama wa sabuni mlango. Indonesia, iliyolazimisha cheti cha halali kwa vyakula kuanzia Oktoba 2024, iliwaongezea wadogo muda hadi Oktoba 2026 na ikawafungulia njia ya kukipata bure. Ofisi ya Mufti na Taasisi ya Viwango tunazo. Tubishane basi juu ya nani alipe ukaguzi wa kwanza, na nia ya mama huyo tumwachie mwenyewe.